Mkono Ulioiachia Ngazi

Asubuhi ya siku ya sita tuliamka na soksi mbichi. Kibanda cha wasafiri kilikuwa na vitanda vinane vya kupandana, kamba moja ya kuanikia iliyolegea, na jiko la kuni lililozima usiku bila kumuaga mtu. Wenzetu waliolala humo walikuwa wameshaondoka na kutuachia harufu ya buti zao. Twiga alikaa kitanda cha chini akiufunga bendeji mguu wake wa kushoto. Kitanda cha juu hapandi tena. Mwanamke anayeinama kupita mlangoni, aliyewahi kupaka dari ya ukumbi mzima bila kushuka kunywa maji, sasa anaogopa kitanda cha juu. Kila nikimwona hivyo roho inaniuma, na nina sababu zangu ambazo nitazisema.

"Umeamka, au bado unakoroma macho wazi?" akaniuliza.

"Mimi sikoromi."

"Basi kuna trekta lililolala kitandani kwako. Liambie nalo livae, tumechelewa."

Twiga ni rafiki yangu, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa mwenzangu wa kazi. Sisi ni mafundi rangi, wanawake wote wawili. Jina la Twiga nilimpa mimi siku ya kwanza nilipomwona akipaka juu ya dirisha bila kiti, likamganda mpaka mumewe naye analitumia. Yeye ananiita Fundi Mkuu, na msidhani ni kwa heshima.

Mwaka jana alianguka kutoka kwenye ngazi, mguu ukavunjika sehemu mbili. Daktari alimtibu vizuri, akamwambia, "Mguu umepona, kilichobaki ni kichwa." Lakini kichwa kilikataa kupona. Twiga akaacha kazi, akaenda kukaa katika duka la vifaa vya ujenzi, kwenye kigoda nyuma ya mizani, kupima misumari. Siku moja mumewe alikuja kwangu, akakaa sebuleni akazungusha kofia yake mkononi mpaka nikamwonea huruma. "Shemeji," akasema, "mtoe yule mtu dukani. Anapima misumari huku anatazama makopo ya rangi rafuni kama mtu aliyefiwa."

Ndiyo tukaja Njia Ndefu, siku tisa za miguu kutoka kibanda hadi kibanda, milimani. Siku ya sita kuna daraja. Ni mbao zilizoning'inizwa kwa kamba za waya, hatua mia moja na ishirini, na chini yake bonde ambalo ukidondosha jiwe unaweza kupiga chafya kabla hujalisikia. Tulipeana mikono kabla ya safari: Twiga akilivuka, Jumatatu anarudi kazini. Kuna shule mpya inatusubiri, ukumbi wenye dari ya mita saba, na mimi peke yangu siiwezi. Asipolivuka, kuna njia ya mkato inayoteremka mpaka barabarani. Atashuka, atapanda basi, atarudi kwenye misumari yake, na hatutalizungumza tena jambo hilo.

Sasa niseme lile ambalo yeye alikuwa halijui.

Kazi yetu ina sheria moja. Anayebaki chini hushika ngazi na kusema "Nimeshika." Wa juu hapandi kabla hajalisikia neno hilo, na wa chini haachii mpaka mwenzake aseme "Nimeshuka." Siku ile tulikuwa kwenye korido ya jengo la ofisi, sakafu ya vigae vinavyong'aa. Nilisema nimeshika, Twiga akapanda na kopo lake. Mara akatokea mwenye jengo, suti imenyooka, akasimama nyuma yangu akasema rangi yetu inafanana na uji uliolala. Uji! Rangi aliichagua mwenyewe! Damu ikanipanda. Niligeuka nimjibu, na mimi siwezi kugombana bila mikono. Nikaiachia ngazi. Miguu ya ngazi ikateleza kwenye vigae, na nilichosikia baadaye ni kishindo na kopo linabingirika.

Hospitali, kabla hata hawajamfunga plasta, Twiga alinishika mkono akasema, "Nilijinyoosha mno. Nisamehe, nimekuharibia kazi." Na mimi, mwenye mdomo usio na breki, mimi ninayewajibu mpaka matajiri, nikasema, "Pole mwaya. Bahati mbaya tu." Nikanyamaza hivyo mwaka mzima na miezi miwili. Watu wanaponisifu kwamba sina uoga huwa natamani ardhi inimeze.

Basi tukavaa soksi mbichi, tukala mkate na mayai ya kuchemsha, tukaondoka. Anga ilikuwa safi, mguu wa Twiga haukulalamika, na nilianza kupata matumaini ya kijinga kwamba daraja litavukwa na siri yangu itabaki siri. Nilitaka vyote viwili.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanikera njiani. Njia nzima huonyeshwa kwa alama za rangi ya njano, upana wa kiganja, juu ya mawe na mashina ya miti. Huyo aliyezipaka, jamani! Hakusugua jiwe, hakufuta vumbi, alichovya brashi mpaka shingoni akaacha rangi itiririke inakotaka. Kila baada ya muda nilisimama.

"Hebu tazama hii. Hii ni alama, au mtu amepiga chafya?"

"Fundi Mkuu, hatujaja kuikagua, tumekuja kuifuata."

"Mtu apewe kopo zima la rangi afanye hivi?"

"Tembea."

Saa nne tulifika mahali njia inagawanyika. Kulia kulikuwa na jiwe lenye alama iliyopauka, imepinda, ina michirizi minne. Kushoto kulikuwa na mti. Gome lilikwanguliwa kwanza, kisha likapigwa njano safi mara mbili, kingo zimenyooka kana kwamba aliweka tepu. Mti uliofuata ulikuwa hivyo hivyo, na wa tatu. Nilisogea nikaigusa kwa kidole. Nilisikia raha, nisiwadanganye.

"Kushoto," nikasema.

Twiga alifungua ramani. "Ramani inasema kulia."

"Ramani haijui rangi. Wamebadilisha njia. Ile ya kulia ni ya zamani, wameiacha ijifie. Hii ni kazi ya fundi. Tazama kingo hizo!"

"Kingo nimeziona. Lakini ramani..."

"Twiga. Miaka yote hiyo, kwenye kazi umewahi kuniona nakosea?"

Alikunja ramani. "Hujawahi," akasema, na alisema kwa moyo wake wote, bila chembe ya utani. Lilinichoma neno lile. Lakini nilikuwa nimeshaanza kutembea, na mimi nikishaanza kutembea ndiyo basi.

Tulitembea saa moja na nusu, kutoka mti hadi mti, na kila mti niliusifia. Njia ilizidi kuwa nyembamba, kisha haikuwa njia tena, ni majani tu. Mwisho tukatokea kwenye uwazi uliojaa visiki. Wanaume wawili walikaa juu ya gogo wakinywa chai, msumeno wa mashine uko miguuni pao.

"Mama zetu, mmepotea?" akauliza yule mkubwa.

"Hatujapotea," nikasema. "Tunafuata alama."

"Alama zipi?"

Nikamwonyesha. Akautazama mti, akamtazama mwenzake, akaweka kikombe chini kwa adabu. "Mama, hiyo si njia. Hiyo ni miti ya kukatwa wiki ijayo. Mimi ndiye niliyeipaka."

Niligeuka nikautazama tena ule mti, kingo zake zote mbili.

"Umeipaka vizuri," nikamwambia hatimaye. Haki ya mtu mpe.

"Asante mama. Kabla ya msumeno nilikuwa fundi rangi."

Twiga akakaa chini pale pale kwenye vumbi la mbao. Nilidhani mguu umemsaliti. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka machozi, mpaka wale wanaume nao wakaambukizwa. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu aanguke. Nilikasirika, nikaona aibu, na chini ya hayo yote nilifurahi.

Tulirudi tulikotoka, haraka, maana mlinzi wa daraja hufunga lango saa kumi na moja. Twiga alikuwa mchangamfu kuliko siku zote tano zilizopita. Kila tukipita mti wenye alama aliupigia saluti. Halafu akasema, akiwa mbele yangu, bila kugeuka:

"Kumbe na wewe hukosea."

"Mara moja moja."

"Hapana, sikiliza. Mimi nilijua mmoja wetu hakosei kazini. Kwa hiyo nilipoanguka sikuwa na la kujiuliza. Fundi Mkuu ameshika ngazi, basi kosa ni langu. Mwili wangu umenidanganya. Ndiyo maana siuamini, unaelewa? Si urefu ninaouogopa. Najiogopa mimi mwenyewe."

Nilimtazama mgongo, begi linapanda na kushuka. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Nilidhani ukimya wangu unanilinda mimi tu. Kumbe ndio uliomkalisha kwenye kigoda, unamkalisha kila siku, asubuhi mpaka jioni. Nikajiambia, labda atavuka, labda haitahitajika niseme. Uoga una maneno matamu.

Tulifika darajani saa kumi na robo. Mlinzi alikuwa mzee mkavu mwenye funguo kiunoni na redio ndogo sikioni. "Mnavuka au hamvuki?" akauliza. "Nikifunga nimefunga."

"Tunavuka," nikasema.

Twiga alivua kofia, akaivaa tena. Akashika kamba ya waya kwa mikono miwili, akaweka mguu kwenye ubao wa kwanza. Daraja likayumba kidogo. Akarudi. Akapumua, akajaribu tena, ubao wa kwanza, wa pili, wa tatu, akarudi kinyumenyume, uso umepoteza rangi. Mara ya tatu hakufika hata kwenye ubao. Alisimama tu.

"Siwezi," akasema.

"Pumzika kidogo."

"Siwezi, shoga yangu. Usinibembeleze." Alikuwa anarekebisha mikanda ya begi, na hakuwa akilitazama daraja tena, alikuwa anaitazama ile njia ya mkato. "Nashuka barabarani. Wewe maliza safari. Tafuta mtu mwingine wa kazi ya shule, kijana mwenye miguu ya kuaminika. Sitakasirika."

Akanipa mkono. Alitaka tuagane pale, kiungwana, kama tulivyokubaliana. Nikaushika ule mkono na sikuuachia.

"Niliiachia ngazi," nikasema.

"Nini?"

"Siku ile. Nilisema nimeshika, halafu nikaiachia. Yule bwana alikuja akasema habari ya uji, nikageuka kumjibu. Hukujinyoosha mno, Twiga. Hukukosea chochote. Ni mimi."

Upepo ulikuwa unavuma bondeni. Mlinzi alizima redio yake. Twiga alinitazama kutoka juu, kwa urefu wake wote.

"Mikono yako ilikuwa wapi?" akauliza taratibu.

"Hewani. Nilikuwa namwambia kwamba uji haupakwi ukutani."

Mdomo wake ulicheza upande mmoja, nikadhani atacheka. Hakucheka. Aliuchomoa mkono wake kutoka kwenye wangu.

"Uliniacha niombe msamaha," akasema. "Nimelala pale mfupa umetoka nje, nikakuomba msamaha, na ukanijibu bahati mbaya."

"Ndiyo."

"Mwaka mzima."

"Na miezi miwili."

"Usinihesabie!" Sauti ilipasuka mpaka mlinzi akarudi hatua moja nyuma. "Usinisogelee. Usinifuate. Sitaki kukuona!"

Akageuka aondoke, na sasa tazama mambo yalivyo: njia ya mkato ilikuwa nyuma yangu, na ili kuifikia ilibidi anipite. Mbele yake kulikuwa na daraja. Akachukua daraja. Aliingia kwa hatua ndefu za mtu anayekwenda kufunga mlango kwa kishindo, mbao zinalia chini ya buti zake, na hata kamba aliishika kwa mkono mmoja tu. Kwa mkono wa pili alikuwa ananyoosha kidole akigombana na hewa.

"Mwaka mzima nimelala nikijilaumu!" nilimsikia. "Nimepima misumari mimi! Misumari!"

Katikati kabisa ya daraja aligeuka ili anigombeze vizuri. Aliachia kamba. Naye pia hawezi kugombana bila mikono. Alisimama pale juu, mikono miwili hewani, daraja linayumba, akanimwagia yote, mengine siwezi kuyarudia hapa, na yote nilistahili. Halafu akanyamaza katikati ya neno.

Alikuwa ametazama chini.

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kukimbia nikamshike. Mlinzi aliniwekea mkono begani, nami nikauma meno nikatulia. Twiga alishusha mikono polepole, akashika kamba, kushoto na kulia. Alinitazama. Kisha akaitazama miguu yake, yote miwili, kwa makini, jinsi fundi anavyotazama kifaa kilichotoka kutengenezwa. Akainua wa kushoto, ule uliovunjika, akaukanyaga ubao uliofuata. Hasira ilimfikisha nusu ya daraja. Nusu iliyobaki aliitembea mwenyewe, ubao kwa ubao, kichwa juu, bila haraka, na mimi huku nikilia na kamasi mbele ya mtu nisiyemfahamu.

"Mama, nafunga," mlinzi akanikumbusha. "Nenda."

Nilivuka. Sikumbuki nilivukaje.

Upande wa pili alikuwa amekaa juu ya jiwe, magoti yameachana. Nilisimama mbali kidogo, pale ambapo mkono wake haufiki.

"Ukiniomba msamaha sasa hivi nakupiga," akasema.

"Siombi."

"Mume wangu anajua?"

"Hajui mtu."

"Utamwambia wewe. Na wanangu, wanaokuita mama mkubwa, utawaambia mbele yangu, wote wamekaa."

"Nitawaambia."

Alikunywa maji, akafuta mdomo kwa mkono wa shati. Jua lilikuwa limeanza kushuka na kibanda cha usiku huo kilikuwa bado saa nzima mbele yetu. Nilifikiri ataniambia nitangulie, tusitembee pamoja. Nilikuwa tayari kwa hilo.

"Wateja nitazungumza nao mimi," akasema.

"Sawa."

"Akija mteja, hata akisema tumepaka kinyesi, wewe unabaki na ngazi yako. Hugeuki. Hupumui kwa nguvu. Mimi ndiye nitakayejibu, kutoka huko huko juu."

"Sawa," nikasema tena, kisha maana yake ikanifikia kichwani, nikamkodolea macho. "Twiga. Huko juu wapi? Unamaanisha Jumatatu..."

"Nisikilize vizuri," akasema akisimama, akaniinukia mrefu kama zamani. "Jumatatu nakuja. Lakini sijakusamehe. Sijui nitakusamehe lini. Nakuja na hasira zangu."

"Njoo nazo," nikamwambia, na sauti yangu haikuwa nzuri. "Uje nazo zote."